Muulize Mwalimu: Shule yetu ilianza mwaka gani?

SWALI: Hujambo Mwalimu? Naishi Kayole lakini kwetu ni Kandara, Murang'a. Shule ya msingi ya kijijini inatayarisha kijitabu cha historia yake, nami nimepewa sura ya kwanza. Ukutani pameandikwa "Ilianzishwa 1957". Babu yangu anashikilia kwamba 1952 alikuwa darasa la pili, shule ikafungwa, na kwamba ilikuwa ng'ambo ya mto, si hapo ilipo leo. Kamati inasema wazee husahau. Nimwamini nani?
Mjukuu, Kayole

JIBU: Mjukuu, anza na babu yako. Anayoyasema yanalingana na yaliyotokea Murang'a nzima, na tarehe ya ukutani haimpingi.

Shule za kwanza huko kwenu zililetwa na wamisheni. Waanglikana walikuwa Kahuhia na Weithaga. Upande wa Kandara, wamisheni wa AIM (Africa Inland Mission) walikuwa Githumu. Kutoka vituo hivyo walitumwa vijana waliojua kusoma wakafundishe vijijini, katika vibanda vya miti na udongo. Mtoto alifundishwa herufi hasa ili asome Biblia na kubatizwa.

Mwishoni mwa 1929 uhusiano ukavunjika. Misheni kadhaa, AIM ikiwemo, ziliwataka walimu na waumini waweke sahihi au kidole gumba kuapa kwamba wameacha ukeketaji wa wasichana. Mimi ukeketaji siutetei hata kidogo. Nimefundisha wasichana walioumizwa nao. Lakini waliokataa walitengwa na kanisa, na watoto wengi wakaachwa bila darasa. Kilichofuata ndicho ninachokuomba ukipe kurasa nyingi: wazazi wale walijenga shule zao wenyewe. Mbari, yaani ukoo, ilitoa kipande cha ardhi, wanaume wakakata miti, wanawake wakabeba mawe na maji. Marehemu mama yangu alisoma katika shule ya namna hiyo huko Kiambu, na alichokumbuka kuliko masomo ni kibuyu cha maji ambacho kila msichana alikuja nacho asubuhi, ya kukandia udongo wa kuta. Hawakuwa na misheni ya kuwashika mkono. Walitaka watoto wafundishwe Kiingereza mapema, kwa sababu waliona nani anapata kazi ya ukarani Nairobi na nani anabaki kulima.

Shule hizo, zilizoitwa shule huru, zilijikusanya chini ya vyama viwili vya Wakikuyu vya kuendesha shule, KISA (Kikuyu Independent Schools Association) na Karing'a. Zilipopungukiwa na walimu, chuo kikafunguliwa Githunguri mwaka 1939, kikiongozwa na Mbiyu Koinange aliyekuwa ametoka kusoma Marekani. Marika yalishindana kukichangia.

Halafu ikaja Emajensi, yaani hali ya hatari. Gavana Baring aliitangaza Oktoba 1952, na shule huru zikafungwa kwa madai kwamba ni viota vya Mau Mau. Githunguri nayo ilifungwa, na baadaye serikali ya kikoloni ikanyongea watu mahali hapohapo. Kuanzia 1954 familia zilihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao hadi vijiji vilivyozungushiwa handaki, kisha mashamba yakaunganishwa na kupimwa upya. Ndiyo maana shule inaweza kuvuka mto. Nyingine zilifunguliwa tena chini ya misheni au bodi ya elimu ya wilaya, zikasajiliwa kama mpya. Naona 1957 yenu inafanana sana na tarehe ya usajili wa namna hiyo.

Sasa tafuta ushahidi. Uko Nairobi, kwa hiyo nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Usiombe faili za Murang'a. Wakati huo wilaya iliitwa Fort Hall. Omba ripoti za kila mwaka za DC (mkuu wa wilaya) na barua za elimu za miaka ya 1930 hadi 1950. Zisome kwa tahadhari, maana zimeandikwa na watu walewale waliofunga shule. Hata hivyo zinataja majina ya shule na mahali zilipokuwa.

Kisha rudi kwa wazee, na usiwaulize mwaka. Waulize ni mbari gani iliyotoa ardhi, mwalimu alikuwa nani, na nani walisali katika jengo hilo Jumapili. Hili la mwisho lina uzito: wakisema AIPCA, kanisa huru la Waafrika, yaelekea shule ilikuwa ya KISA, wakisema Orthodox, itazame upande wa Karing'a. Waulize akina nyanya pia, kwa sababu kamati nyingi huhoji wanaume peke yao ilhali waliokanda udongo bado wapo.

Mpeleke babu ng'ambo ya mto pamoja na mtu wa rika lake, waonyeshe mahali penyewe, upige picha. Ukiwa na picha hiyo, majina ya walimu na nakala moja tu kutoka Moi Avenue, iombe kamati iandike tarehe mbili: ile ya wazazi waliojenga, na 1957.