Msimalizane Kifamilia: Niliyojifunza kwa Binti wa Chumba cha Tatu

Wakati ule tulikuwa tumepanga Mbagala, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, bomba moja uani. Chumba cha tatu alikuwepo binti wa miaka 12 hivi, ameletwa kutoka mkoani na mama aliyekuwa akimwita shangazi. Aliambiwa anakuja kusoma. Sare ya shule sikuwahi kumwona nayo. Nilichokuwa nakiona ni ndoo: saa tano usiku, maji ya mgawo yametoka, naye amejikunyata bombani anasubiri zamu. Alfajiri ni yeye huyohuyo anayepepea mkaa wa maandazi ya biashara.

Wapangaji wote tulijua. Hata nilipouona mkono wake umejaa malengelenge ya mafuta ya moto, nilikaa kimya wiki tatu. Ya Ngoswe mwachie Ngoswe, nikajiambia. Tena yule mama alikuwa akinikopesha maandazi.

Kwa hiyo namwandikia yeyote ambaye leo anasikia kitu nyuma ya ukuta wa jirani.

Kutoa taarifa si umbea. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ni wajibu. Kwa sheria hiyo mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na hata kazi nyepesi hairuhusiwi kabla hajafika 14. Mimi haya niliyajua baadaye. Nilidhani wanaoruhusiwa kuingilia ni ndugu tu.

Kosa langu la pili lilikuwa kumfuata shangazi mwenyewe. Nilimwendea kwa upole, kama mtu na jirani yake. Matokeo yake binti hakuonekana uani siku mbili, na mimi nikawa adui wa nyumba nzima. Usimfuate mtuhumiwa. Andika pembeni ulichokiona, siku gani, saa ngapi. Na tafadhali usimpige mtoto picha ukairusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Utakuwa umemvua nguo mara ya pili.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee wa watu alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ni ya familia. Kaeni myamalize."

Hapo ndipo ulinzi wa mtoto wa taifa hili unapovuja. Kwenye makaratasi tuko vizuri. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto tuliuridhia mwaka 1991. Tuna mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, unaotaka kamati kuanzia huku chini mtaani. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kisutu kuna Mahakama ya Watoto. Lakini kesi haifiki huko, kwa sababu imekwisha kwenye mkeka wa sebuleni: wakubwa wameombana radhi, pesa kidogo imepita mkono, shahidi ameambiwa asiharibu undugu. Mwenye kidonda hakuitwa kwenye kikao. Mtu akikwambia mmalizane, muulize mtoto anapata nini katika kumalizana huko.

Nilipiga 116, namba ya msaada kwa mtoto. Ni bure. Dada aliyepokea hakuniuliza mimi ni nani kwanza. Aliuliza mtoto yuko mtaa gani, ana umri gani, kaumia wapi, usiku ule analala na nani. Zile tarehe zangu za kwenye daftari ndipo zilipofaa. Baada ya siku mbili alikuja ofisa ustawi wa jamii. Binti akapelekwa hospitali, akakaa kwa mlezi wa kuaminika, kisha akarudishwa kwa bibi yake mkoani. Sijamwona tena.

Kama ni ukatili wa kingono, usisubiri mtu wala kikao. Mtoto asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, afikishwe hospitali mapema kabisa, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina ukomo wa saa 72. Baadhi ya hospitali, Amana ikiwemo, zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wanapatikana pamoja, hivyo mtoto hasimulii upya kila mlango. Kwingine utaulizwa PF3, fomu ya polisi.

Kuna jambo halijanitoka. Yule ofisa ustawi alikuja kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe, na siku hiyo alikuwa na nyumba nyingine tatu za kupitia. Sisi kwenye mikutano ya mtaa tunapigania mitaro na taa za barabarani, diwani anaondoka na orodha ya mitaro na taa. Bajeti ya ustawi haiulizwi, basi nayo haiongezeki. Naamini ofisa mwenye usafiri angewafaa watoto wetu kuliko semina kumi na fulana zake.

Mtaa ninaoishi sasa, mkutano uliopita nilisimama nikauliza kamati ya MTAKUWWA ilikaa lini mara ya mwisho. Watu wakageuka kuniangalia. Mtendaji alifungua daftari, akapekua mbele, akapekua nyuma, akasema atanijibu mkutano ujao. Mkutano ujao ni Jumamosi saa nne asubuhi, na wapangaji wenzangu watatu wameshaniahidi kwamba tutakwenda wote.