Kaka hakuzikwa, nataka kumchora mkononi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, nina miaka 34. Kaka yangu alikuwa mvuvi. Mwaka juzi, usiku wa giza, ziwa lilichafuka wakiwa upande wa Ukerewe. Wenzake wawili waliokolewa, yeye hajaonekana hadi leo. Karabai yake ya zamani, ambayo kioo kilipasuka akakifunga kwa waya, ninayo mimi chini ya kitanda. Nataka niichore tatuu mkononi, na chini yake tarehe aliyopotea. Rafiki yangu alichora jina la mwanawe aliyefariki na anasema tangu hapo analala usingizi. Mama amekataa, anasema Biblia imekataza, nikichora nisikanyage kwake. Cha ajabu yeye mwenyewe hata kunyoa hajakubali. Mdogo wetu wa miaka 19, anayesubiri kuomba upolisi, anataka tuchore pamoja. Nifanyeje? Na je, tatuu inaponya kweli?
Muuza dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale ulipopapita mbio: mama hajanyoa.

Tuanze na andiko, maana hapo mama hajakosea. Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Ungeweza kumjibu kwamba mstari wa 27, wa juu yake tu, unakataza habari za kunyoa pembe za kichwa, na vinyozi wa Kirumba wanashinda wakizinyoa pembe hizo za waumini wenzake. Ungeweza kumwambia kwamba Wakopti wa Misri, Wakristo wa tangu zamani, huchorwa msalaba kwenye kifundo cha mkono. Usimwambie. Ubishi utaushinda, mama utamkosa. Na mimi sidhani kama kinachomkaba ni Walawi.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa nyumba nyingi bado hunyoa matanga yanapoanuliwa. Mama asiyenyoa anasema mwanangu yuko njiani, anarudi. Sasa anakuja binti yake kumwambia anataka tarehe mkononi. Kwa macho yake hiyo si picha hata kidogo, ni cheti cha kifo, na aliyekisaini ni wewe.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mchoraji, tafuta wazee wa ukoo wenu. Ninyi si wa kwanza kunyimwa maiti na ziwa hili. Majirani zetu Wajaluo, wa Rorya na wa ng'ambo Kenya, mtu akipotea majini wana desturi ya kuzika tunda la mwegea badala ya mwili wake, na msiba unakwenda kama msiba wowote: kilio, kaburi, watu wanakula, wanatawanyika. Sisemi mkaige ya Wajaluo. Nasema waulizeni wazee wenu walifanyaje, maana lazima kuna mtu wa kwenu aliyewahi kuliwa na maji kabla ya kaka yako. Au mchungaji wa mama asome ibada pale pwani. Mama akipata mahali pa kulia, huenda atanyoa mwenyewe bila kubembelezwa. Akishanyoa, ndipo umletee habari za mkono wako.

Na mimi nina alama, nikuambie. Chale tatu juu ya kila kifundo cha mkono. Nilikuwa na miaka sita, wiki ile mama yangu alipofariki. Bibi yetu kule Magu alituweka watoto wanne kwenye mkeka, akatuchanja kwa wembe mmoja, akapaka dawa nyeusi kama masizi. Baadaye nimekuwa muuguzi miaka mingi na kila nikiukumbuka wembe ule nasisimka mwili: damu ya mmoja ikiingia kwa mwingine, na hakuna aliyeuosha. Lakini dawa ile iliwasha, na bibi alikuwa akipuliza mkono wangu huku akiita jina la mama. Alipuliza hadi kuwasha kukaisha. Hicho kipulizo ndicho ninachokiona nikizitazama chale zangu leo. Ile dawa ilikuwa nini, hata sijui.

Ndiyo maana namwamini rafiki yako anaposema analala. Mtu amekaa saa mbili, amenyoosha mkono, anaumia kidogo, anaulizwa mtoto alikuwaje. Wangapi waliwahi kumuuliza? Ila usiibebeshe tatuu mzigo wote. Kule Marekani mwaka 2013 mwanamke aitwaye Amy Bleuel, aliyefiwa na baba yake kwa kujiua, aliwaita watu wajichore nukta mkato: sentensi ingeweza kuishia hapo, mwandishi akaamua kuendelea. Watu wengi sana waliichora na wanasema imewashikilia. Yeye mwenyewe mwaka 2017 alijiua. Kama huli, hulali, au unajikuta umesimama ukingoni mwa maji ukiwaza vibaya, nenda hospitali ya Bugando kwenye kitengo cha afya ya akili, tena wiki hii. Usisubiri mchoraji.

Tarehe iache. Sindano hupeleka wino chini ya ngozi ya juu, kina cha milimita moja hadi mbili. Seli za ulinzi za mwili hukimbilia kuumeza, zinashindwa kuuyeyusha, zinabaki nao tumboni; watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2018, kwa panya, kwamba seli hizo zikifa seli nyingine huja kuupokea wino uleule. Hautoki kama nywele zinavyoota. Usiku mmoja wa dhoruba unataka kuusoma kila unapopima dagaa? Kaka yako aliwasha taa ile miezi mingapi? Karabai inatosha.

Mengine ni ya kiuguzi. Mchoraji afungue sindano mpya kwenye pakiti mbele ya macho yako, avae glovu mpya, wino amimine kwenye kifuniko kidogo na uliobaki umwagwe, usirudi chupani. Akinuna, ondoka. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi havionekani kwa macho; homa ya ini B ina chanjo, ulizia kituo cha afya kabla. Ulipotoga masikio, kovu lilitulia au lilivimba kama punje ya hindi? Kama lilivimba, acha kabisa, ngozi yako itaigeuza karabai kuwa donge. Bega na kifua ndivyo huvimba zaidi, kwa hiyo ndani ya mkono wa juu ni afadhali, tena huko magamba na chumvi ya dagaa havifiki kirahisi. Wiki tatu za mwanzo usiingie ziwani. Na kwenye ngozi yetu omba mistari minene, nyeusi. Rangi ya njano anayokuonyesha kwenye simu haitatokea hivyo kwako. Mahali pa mwanga aache ngozi tupu.

Mdogo wenu asubiri. Matangazo ya ajira za polisi hutaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na mkono wa shati hautamficha siku ya ukaguzi. Mpe ile karabai yenyewe aitunze, si lazima ilale chini ya kitanda chako.

Ila kabla hujaitoa, ipeleke kwa mchoraji aione kwa macho, asikuchoree karabai ya kutoka kwenye simu. Mwambie kioo kimepasuka upande gani. Na ule waya auchore.