Mama auze ploti ya Mtwapa nikasome Uingereza?

*Somo, shikamoo. Nina miaka 31, nakaa Kisauni. Mwaka wa sita sasa ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mshahara 55,000. Chuo kimoja cha Uingereza kimenipokea kusoma uzamili wa ugavi, mwaka mmoja. Mama yuko tayari kuuza ploti ya Mtwapa aliyoacha marehemu baba. Mnunuzi ametaja milioni 2.5. Wakala niliyemlipa elfu 30 asema nitakwenda na mwanangu wa miaka minne. Wadogo zangu wawili wamenuna. Niende?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na mtoto, maana hapo umedanganywa. Tangu Januari 2024, Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa darasani kama huo wako kwenda na mume wala mtoto. Waliobakishiwa ruhusa ni wa utafiti na wale wanaolipiwa na serikali. Wakala asiyejua hilo ana kazi gani? Na kama alijua akanyamaza, basi ndiyo mbaya zaidi.

Ploti nayo si ya Mama peke yake. Hiyo ni mirathi, na wadogo zako wana mafungu yao. Usidhani wamenuna kwa kijicho. Ukiiuza hivi, utapanda ndege na haki yao mkobani.

Haya, tupige hesabu. Tuseme umerudi salama na bosi akakuongeza elfu 20 kwa mwezi. Milioni 2.5 itarudi kwa miezi 125, miaka kumi na ushei, na hapo nyongeza yote hujaigusa hata kwa kilo ya unga. Tena, nani kakwambia ataongeza? Watazame waliokupita cheo hapo ofisini: wangapi wana uzamili, na wangapi wamepanda kwa cheti cha forodha cha Afrika Mashariki? Hicho kinasomeshwa KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru ya Kenya, na kampasi wanayo hapa hapa Mombasa. Waulize wenyewe, tena uwaulize na mishahara yao. Watu husema, ukiwauliza kwa adabu na kikombe cha kahawa.

Ukiona kweli uzamili ndio ufunguo, omba Chevening. Ni ufadhili wa serikali ya Uingereza yenyewe: wao ndio hukulipia karo na nauli, na kukupa posho. Wanataka saa 2,800 za kazi, nawe umezipita zamani, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Fomu hufunguliwa Agosti, kuomba ni bure. Ushindani ni mkali, sikufichi, na gharama za mtoto zitakuwa juu yako. Ukikosa mwaka huu utaomba mwakani, ploti bado ipo.

Mnunuzi mwambieni asubiri. Na zile elfu 30, kazidai wiki hii, uende na mjomba wako na risiti mkononi.