Muulize Mzee Spoki: Mvua inatubomolea njia ya baiskeli

SWALI: Shikamoo Mzee. Sisi ni vijana saba hapa Lushoto, tunaendesha baiskeli za milimani. Njia yetu inashuka kutoka msituni hadi kwenye mashamba ya kabichi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunajitolea kuitengeneza, lakini masika imechimba mtaro unaomeza tairi zima. Mara mbili tumejaza mawe na udongo, mara mbili mvua imesomba. Wiki iliyopita mlinzi wa msitu alitutimua na majembe yetu. Halafu wenzetu watatu hawaji kazini. Tumewatoza faini ya shilingi 5,000 kila mmoja, wamenuna. Tufanyeje? – H., Lushoto

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenichekesha, maana mawe hayo hayo niliyajaza mimi na wenzangu wanne, miaka ishirini iliyopita, juu ya kijiji nilichozaliwa. Tulisomba kutwa nzima. Shangazi yangu akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akasimama, akauliza: "Na maji mmeyaambia yapite wapi?" Tukakosa jibu. Usiku ikanyesha, asubuhi mawe tukayakuta kwenye mahindi ya watu.

Kwa hiyo uacheni huo mtaro kwanza. Siku ya mvua vaeni makoti mpande, mkaone maji yanaingilia wapi njiani. Hapo ndipo pa kupiga jembe, si pale yalipobomoa. Kateni kinga maji, kama yale ya shambani kwenu: mfereji mfupi wa mshazari unaokatiza njia, mpana na wa kina kidogo ili baiskeli ipite bila kuruka. Udongo wake uwekeni upande wa chini uwe tuta la mviringo, mlishindilie. Mdomo wake utokee kwenye majani. Ukitokea kwenye kabichi ya mtu, mtanitafuta kwa kesi nyingine.

Kisha tazameni ukingo wa njia upande wa bondeni. Tairi zikipita sana, katikati hulika na ukingo hubaki umeinuka, ndio unaoyafungia maji njiani. Ung'oeni, uso wa njia uinamie bonde kidogo. Kazi hii ifanyeni udongo ukiwa na unyevu. Wa vumbi haushikani. Na mkiona tairi linaacha alama ya kina kwenye tope, rudini nyumbani siku hiyo. Waharibifu wa kwanza wa njia ni sisi wenyewe.

Sasa mteremko. IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzia Marekani mwaka 1988, hufundisha kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima, na kwa wastani usipite asilimia 10. Chukueni kamba ya mita 10 na pima maji. Wa juu aishike kamba chini kabisa, wa chini aiinue mpaka ilale sawa. Mkono wake ukiwa zaidi ya mita moja kutoka ardhini, hapo pamezidi. Nadhani kipande chenu kinashuka moja kwa moja, na kipande cha namna hiyo hakitengenezeki. Hufungwa kwa matawi, ikakatwa njia nyingine inayozunguka ubavuni.

Ila msiguse hata kichaka bila kibali. Mlinzi alikuwa na haki. Kama ni hifadhi ya serikali kuu, andikeni barua ofisi ya wilaya ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kama ni msitu wa kijiji, nendeni kwa halmashauri ya kijiji. Wekeni mchoro wa njia, majina yenu na siku za kazi. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu hata mikataba ya kusimamia msitu kwa ubia na wananchi, lakini hiyo ni baadaye, mkishafahamika.

Kuhusu faini mmekosea, tena mmekosea Lushoto! Waulizeni wazee. Waingereza waliwalazimisha watu wa Usambara kulima matuta, wasiotii wakaadhibiwa, na watu wakagoma mpaka mpango ukafa miaka ya 1950. Baadaye, miaka ya 1980, ukaja mradi wa SECAP: kinga udongo kwa kupanda mistari ya majani ya guatemala, kisha uyakate umpe ng'ombe. Yale aliyobeba shangazi siku ile yalikuwa hayo hayo. Hakuna aliyemtoza senti.

Warudishieni wenzenu 15,000 yao. Jumamosi ijayo nendeni na sufuria, maharage na unga, mpike palepale kwenye kona ya kwanza, na hao watatu muwaombe walete kuni tu.