Kishikizo cha nondo hakidumu: kosa ni la moto au la chuma?

SWALI: Ndugu fundi, tunaendesha uwanja mdogo wa mchezo wa kurushiana rangi hapa Bagamoyo, na bunduki zetu ni za gesi. Katika bunduki mbili, kile kishikizo kinachoizuia nyundo ya ndani mpaka mchezaji avute triga kimelika ukingo, na kipuri hatujakipata. Fundi wa jirani alituchongea kingine kwa nondo akifuata kile cha zamani, akakipasha moto hadi kikawa chekundu, akakizamisha katika maji ya bahari. Kilidumu wiki mbili tu. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa lilifanyika kabla moto haujawashwa. Chuma hupata ugumu kwa kuzamishwa ikiwa tu kina kaboni ya kutosha ndani yake, na nondo ya kawaida ina kaboni ya asilimia 0.2 hadi 0.3 hivi, kiasi ambacho hata ukikizamisha katika maji ya barafu hakitakupa ukingo wa kustahimili kupigwa na nyundo maelfu ya mara. Nondo nyingi za siku hizi zina ganda gumu la nje lililotokana na kupoozwa kwa maji kiwandani, lakini ganda hilo huondoka kwa tupa, na linalobaki hupoteza ugumu wake mara tu linapowekwa motoni.

Tafuteni jani la springi ya gari kuukuu, ambalo kwa kawaida lina kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Watu wengi hukimbilia tupa iliyokwisha, na tupa nzuri kweli ina kaboni zaidi ya asilimia 1, ila zipo za bei rahisi zilizo ngumu juu tu na laini ndani, nanyi hamtajua mpaka kazi iharibike. Kipande cha springi kipasheni hadi kiwe chekundu, kisha kifukieni katika jivu kavu hadi kesho yake. Kitalainika na kukubali msumeno na kekee.

Kuhusu umbo, fundi wenu alinakili kipande kilichokwisha kulika, kwa hiyo alinakili na ugonjwa wake. Fungueni bunduki ambayo bado ni nzima, pimeni kishikizo chake kwa vanieri, yaani kipimo cha taya cha kupimia unene, na zaidi ya yote chukueni pembe ya ukingo unaokutana na nyundo, kwa sababu pembe ikilala kidogo tu nyundo itateleza hata kama chuma ni kigumu kama kioo. Toboeni tundu la pini kwanza, kisha pigeni tupa mkianzia kwenye tundu hilo, na ukingo wenyewe uachieni unene wa milimita 0.2 wa kusawazishwa baadaye, kwa kuwa ngozi ya juu hupoteza kaboni ikiwa motoni.

Sasa moto. Fungeni sumaku kwenye waya, mpashe kipande katika mkaa huku mkikigusisha mara kwa mara. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kwenye nyuzi 770 za Selsiasi hivi. Kikishaacha, kiongezeeni joto kidogo tu mpaka wekundu wake ung'ae zaidi, kisha kizamisheni katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 hivi, mkikichezesha juu na chini bila kukipeleka pembeni. Fanyieni kazi hii nje na muwe na kifuniko cha chuma karibu, kwa sababu mafuta hushika moto. Maji ya chumvi hupooza haraka mno kwa springi, na kipande chembamba hupasuka, pengine kwa ufa usioonekana kwa macho. Kikipoa, kipitisheni tupa kali pembeni: ikiteleza bila kuuma, mmefaulu.

Hapo bado msikifunge, kwani kinaweza kuvunjika kama kigae. Kisugueni kwa msasa hadi king'ae, kilazeni juu ya mchanga katika karai, na mpashe karai taratibu. Rangi itatambaa juu ya chuma: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi, kahawia kwenye 255, zambarau kwenye 280. Kwa kishikizo kinachopigwa na nyundo mimi husimama pale kahawia inapoanza kuingia zambarau, kisha nakitoa papo hapo. Buluu ni rangi ya springi, na kwa ukingo huu ni laini kupita kiasi.

Jambo moja sitawasaidia, nalo ni kuchonga valvu au kiungo chochote kinachobeba gesi. Chupa ya kabonidayoksaidi yenye gesi iliyoyeyuka ina shinikizo la baa 57 hivi katika nyuzi 20, na hufikia karibu baa 74 katika nyuzi 31, joto ambalo mchana wa Februari huko kwenu haulioni kuwa kubwa. Sehemu hizo nunueni, hata kama itabidi kusubiri meli.

Mkishakifunga kishikizo, vuteni nyundo nyuma hadi ishikwe, bila gesi, na mgonge mwili wa bunduki kwa mpini wa mbao pande zote. Nyundo ikijiachia hata mara moja, rudini kwenye pembe. Kisha jaribuni kwa gesi bila risasi za rangi, maana ukingo unaoteleza huifanya bunduki ijifyatue mfululizo. Mwisho pimeni kasi kwa kifaa chake: viwanja vingi havivuki futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi, na hata kwa kasi hiyo barakoa haivuliwi.