Kabla ya Kununua Saruji, Panda Juu ya Chemchemi

Katika Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ambako nilizaliwa na ninaishi hadi leo, jamaa nyingi bado huchota maji ya kunywa kwenye chemchemi. Chemchemi huwa ndani ya shamba la mtu, lakini kwa mila zetu mwenye shamba hawezi kumnyima jirani maji. Nimekuwa katika kamati ya chemchemi ya kijiji chetu kwa miaka tisa, na katika muda huo tumeijengea chemchemi hiyo ukuta na bomba mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tulikosea. Kwa kijiji chochote kinachochangisha fedha za ujenzi leo, nina ushauri huu: kabla hamjanunua mfuko wa kwanza wa saruji, pandeni juu ya chemchemi mkaangalie mteremko, kwa maana maji mtakayokunywa hutoka huko.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kwenye bomba. Fundi alijenga ukuta imara wa mawe, na ili mtungi wa lita 20 uweze kusimama chini ya bomba, akaliweka juu kidogo ya mahali ambapo maji yalikuwa yakitoka tangu zamani. Sote tulifurahi. Baada ya miezi michache maji yalianza kupungua, na hatua kama kumi na tano pembeni, katikati ya migomba, ardhi ikawa inalowa hata siku za jua kali. Mzee mwenye shamba alituita, akainama, akagusa jiwe lililokuwa chini ya ukuta, akasema, "Wanangu, jicho lilikuwa hapa. Mmeyapandisha mno." Alikuwa amesema kweli. Maji ya chemchemi huja kwa msukumo mdogo, na yakijaa nyuma ya ukuta kupita kimo cha jicho lake, yaani mahali yanapotokea ardhini, huyarudisha yale yanayofuata, nayo hutafuta upenyo mwingine ardhini.

Tuliubomoa ukuta. Mara ya pili tulichimba polepole hadi tukaliona jicho lenyewe, maji yakibubujika katikati ya mchanga mweupe, tukajaza mawe yaliyooshwa na kokoto, tukafunika kwa karatasi nzito ya nailoni, kisha tukashindilia udongo wa mfinyanzi juu yake ili maji ya mvua yasipenye. Bomba liliwekwa chini ya kimo cha jicho. Nafasi ya mtungi tuliipata kwa kuchimba sakafu iende chini, tukajenga ngazi na mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika.

Hata hivyo, mvua za masika zilipoanza, maji yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo tulipopanda juu. Mahindi yalikuwa yamelimwa hadi ukingoni, ng'ombe walikuwa wakifungwa hapo mchana, na safu ya mikaratusi ilikuwa imesimama karibu kabisa na jicho. Tulichimba mtaro wa kukinga maji yanayoteremka, tukazungushia ua, na mahali pa mahindi tukapanda nyasi za nepia. Choo cha shimo kisiwe juu ya chemchemi, na kiwe mbali nayo, angalau mita 30.

Suala la mikaratusi lilichukua muda mrefu kuliko ujenzi wote, na sioni vibaya, kwa sababu miti hiyo ndiyo karo ya watoto wa mtu. Ni miti inayokua haraka na kunywa maji mengi, lakini huwezi kumwendea jirani na panga. Tulikubaliana kwa maandishi, mbele ya mzee wa kijiji, kwamba angeivuna ikikomaa, kisha visiki ving'olewe, kwa kuwa mkaratusi uliokatwa huchipuka tena. Leo hapo pana mikuyu na mianzi. Kila Januari, wakati wa kiangazi, tunapima muda ambao mtungi mmoja huchukua kujaa na kuuandika kwenye daftari. Anzeni daftari kama hilo kabla ya kujenga, ili baadaye msibishane kwa kumbukumbu.

Jambo jingine liko nyumbani. Utafiti uliofanywa Busia na Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzake, ulionyesha kwamba kujengea chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi kwenye chanzo kwa asilimia 66, lakini katika maji yaliyohifadhiwa majumbani upungufu ulikuwa takriban robo tu. Sikushangaa, kwa kuwa nimewaona watoto wakifunika mtungi kwa jani lililookotwa njiani. Osha mtungi ndani, uwe na kifuniko chake, mimina maji badala ya kuchovya kikombe, na ukitumia klorini fuata kipimo chake, kisha subiri nusu saa kabla ya kunywa.

Mtaro wetu huzibuliwa kila Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza. Kila nyumba inayochota hutoa mtu mmoja na jembe, na mzee mwenye shamba, ingawa mgongo wake umechoka, huja kutuonyesha mahali ambapo udongo umejaa zaidi.