Msaidizi wa mtandaoni anachanganya oda

SWALI: Nauza vitenge Kikuubo, Kampala. Nimeajiri msaidizi wa mtandaoni aliyeko Gulu, ajibu wateja WhatsApp na kuandika oda. Wiki ya tatu sasa oda zinachanganyika. Nimwachishe kazi?

JIBU: Bado, mama. Kwanza tazama ulivyomwelekeza. “Andika oda” haitoshi. Mpe fomu moja: jina la mteja, simu, namba ya kitenge, yadi ngapi, pa kupeleka, amelipa au bado. Bandika namba kwenye kila kitambaa kabla ya kukipiga picha. Mteja akisema “nataka kile cha bluu chenye maua,” msaidizi amrudishie picha yenye namba, asubiri “ndiyo”, ndipo aandike. Oda huharibika hapo hasa, kwa sababu yeye hajawahi kukishika kitambaa, na rangi ya kwenye simu hudanganya.

Malipo yathibitishe mwenyewe kwenye akaunti yako ya mobile money. Picha ya ujumbe wa malipo hughushiwa kirahisi. Namba ya siri usimpe kamwe, hata siku una haraka. Kwenye WhatsApp, unganisha simu yake kama kifaa cha ziada cha akaunti yako. Mkiachana, unakiondoa ukitumia simu yako. Namba za wateja zitunze pia: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuwajibisha wewe mwenye biashara.

Kila saa 11 jioni akutumie oda za siku, na zile zenye utata aziweke juu. Mjaribu hivyo wiki mbili.